Mtaimbo Chini ya Magunia ya Unga

Tangu asubuhi ziwa lilikuwa likiunguruma, na Sesegma hakuwa ameketi hata mara moja. Alichochea jiko, akaenda dirishani. Akakanda unga wa buuzi, vile vifuko vya nyama vinavyopikwa kwa mvuke, akarudi dirishani. Akaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa, akaenda tena kuchungulia. Barafu ya mwezi wa tatu ina kelele, hilo kila mtu kisiwani analijua. Mara inakwaruza kama mtu anayeburuta kabati tupu, mara inalipuka mlipuko mmoja, kisha kimya. Watoto hucheza juu yake wala hawageuki. Sesegma alikuwa na miaka hamsini na miwili, kazaliwa hapo hapo ufukweni mwa Baikali, na bado kila mlipuko ulimrudisha dirishani.

Mwanawe wa pekee, Zorigto, alikuwa akinywa chai ya maziwa huku amesimama. Kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye gari lake mwenyewe, kibasi cha kijivu alichokinunua kwa jasho la misimu mitatu ya baridi. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kwenye mapango ya barafu kule rasi ya kaskazini. Baba yake alikuwa mbali, kazini kwenye reli, hurudi kiangazi tu.

Barabara ya barafu ilikuwa imefungwa tangu Jumatatu. Kamba ilifungwa pale ghubani, na bango jekundu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Leo tunapita nchi kavu," Zorigto alisema. "Nitawaonyesha rasi kutoka juu, wapige picha zao, turudi."

"Nchi kavu kweli?"

"Mama."

"Nauliza tu, mwanangu."

"Umeuliza jana, umeuliza juzi, umeuliza nikipiga mswaki. Nikienda chooni nako nikuandikie barua?"

Wageni wawili waliokaa mwisho wa meza wakacheka. Walikuwa mume na mke kutoka Moscow, Gleb na Taisia, wamefika jana yake. Gleb alikuwa na kofia ya manyoya aliyoinunua uwanja wa ndege, na hakuivua hata mezani. Sesegma hakucheka. Mwezi mmoja kabla, Taisia alipopiga simu kuuliza kama wamechelewa, ni yeye Sesegma aliyemjibu, "Njooni tu, barafu ipo mpaka Aprili." Hakuwa amedanganya. Barafu ipo mpaka Aprili. Lakini iko vipi, hilo hakulisema, maana vyumba viwili anavyopangisha wageni vilikuwa vitupu.

Zorigto aliweka kikombe chini, akatazama kona ya mlango.

"Mama, mtaimbo uko wapi? Siuoni."

Mtaimbo huo ulikuwa wa babu yake, chuma kirefu chenye ncha na mpini wa mti uliolainishwa na viganja vya watu watatu. Dereva wa kisiwani hashuki ziwani bila mtaimbo. Hushuka garini, hupiga barafu, husikiliza, ndipo gari hupita. Asiye nao ni sawa na aliyetoka bila viatu.

Sesegma alijua mahali ulipo. Jumatatu ile ile bango lilipowekwa, aliubeba akauingiza ghalani, akaulaza sakafuni na kuufunika magunia mawili ya unga. Aliwaza hivi: asipokuwa nao, hataingia ziwani. Mchezo umekwisha, na hakuna aliyegombana.

"Labda ami yako Radna kauazima," alisema, macho kwenye unga.

"Radna anao wake."

"Basi sijui. Na kama mnapita nchi kavu, mtaimbo wa nini?"

Zorigto akamtazama mama yake, naye mama akaendelea kukanda. Kijana akachukua funguo.

"Wa nini kweli," alisema. "Twende, wageni."

Sesegma alisikia moyo wake umetulia kidogo. Aliona kashinda. Alitoka na bakuli la maziwa kama siku zote, akachovya kidole cha pete na kuwanyunyizia njia. Siku nyingine hunyunyiza kuelekea ziwani. Siku hiyo, kwa kuwa ni safari ya nchi kavu, alinyunyiza kuelekea vilimani, akamwomba bwana wa vilima awatazame. Kibasi kikapinda kwenye kona ya shule, kikapotea.

Hapa ndipo mama mwenye mtoto mkubwa afungue masikio. Mtoto mdogo ukimficha kisu, hakati. Mtoto mkubwa ukimficha kisu, atatumia meno.

Saa sita ilipita ndipo Sesegma alipokwenda kumpa ng'ombe nyasi. Nyuma ya zizi, ukutani, husimama mbao mbili nene ambazo madereva huzilaza juu ya ufa wa barafu ili magurudumu yapite. Hazikuwapo. Theluji ilikuwa na mifereji miwili palepale ziliposimama, na kando yake nyayo za buti za Zorigto. Si nyayo za asubuhi. Zilikuwa zimekwisha kushika barafu ndani. Aliziondoa tangu jana.

Nyasi zilimponyoka mikononi.

Alipiga simu mara nne. Kila mara sauti ile ile ya mwanamke ilimwambia kwamba mtu huyo hapatikani. Juu ya mapaa ya nyumba, bendera ya shule, iliyolala tangu asubuhi, ilianza kuinuka na kupigapiga. Upepo ulikuwa umegeuka. Ulitoka magharibi sasa, ule ambao huiburuta barafu nzima ya ziwa na kuifungua pale pale inapofunguka kila mwaka.

Sesegma alipokuwa na miaka saba, lori la mikate lilizama karibu na ghuba. Mjomba wake Bulad alikuwa kwenye usukani. Mikate ilielea ndani ya tundu, kisha tundu likaganda upya, na mikate ikabaki humo ndani ya barafu safi kama kioo. Watoto walikwenda kuitazama. Sesegma aliihesabu, akafika ishirini na tisa, mpaka mwalimu akaja kuwafukuza. Mjomba hakuonekana tena.

Alikimbilia ghalani, akasukuma magunia, unga ukamrukia usoni. Akauvuta mtaimbo.

Radna, mdogo wa mumewe, mvuvi mwenye ndevu chache na maneno mengi, alikuwa uani mwake akitengeneza wavu. Alimwona shemeji yake anakuja mbio, uso mweupe kwa unga, chuma begani.

"Shemeji! Nimekosa nini? Niue nikiwa nimekula basi."

"Zorigto yuko ziwani."

"Kakwambia nani? Kibao si kimewekwa?"

"Mbao hazipo. Na mtaimbo ni huu hapa."

Radna aliacha mzaha. Alitazama chuma, akamtazama Sesegma, akatazama unga kwenye mpini.

"Ulikuwa wapi mtaimbo huu?"

"Washa pikipiki, Radna."

"Nakuuliza, ulikuwa wapi?"

"Washa, nitakwambia njiani!"

Pikipiki ya Radna ilikuwa kuukuu, yenye kiti cha pembeni ambamo kwa kawaida hukaa samaki. Sesegma akaingia humo na mtaimbo mapajani, akakalia magamba ya omuli, samaki wa ziwa hilo. Njiani hakumwambia kitu, wala Radna hakuuliza tena. Palipo kamba ghubani, bango lilikuwa limelazwa upande, na alama za magurudumu ya kibasi zilipita katikati, mpya, safi.

Radna alisimamisha. "Umebeba maziwa?"

"Sikubeba."

"Hujawahi kusahau maziwa hata siku moja, leo ndiyo umesahau." Akatoa chupa ya chai kifuani. "Hii ina maziwa ndani. Bwana wa ziwa atatuwia radhi kwa majani ya chai."

Wakanyunyiza chai, wakashuka kwenye barafu.

Njia ilikuwa na alama. Mwezi wa kwanza, barafu ikiwa nene kama kimo cha mtoto, madereva huchimba vishimo na kusimamisha miche ya msonobari, mmoja kila hatua mia, ili gari lisipotee kwenye ukungu. Miche hiyo ilikuwa bado imesimama, ya kijani, mistari mirefu hadi rasi. Ukiitazama utadhani njia ni nzima. Lakini mche hauhami, na barafu inahama. Alama za Zorigto zilifuata miche kama mtu aliyeshikwa mkono.

Walienda zaidi ya nusu saa. Upepo uliwapiga ubavuni. Chini yao barafu nyeusi ilipita, yenye michirizi myeupe, na kila ilipolia Sesegma aliinua miguu, kana kwamba kuinua miguu ndani ya kiti cha pikipiki kunasaidia kitu.

"Acha kurukaruka huko," Radna alipiga kelele. "Utatupindua!"

Ndipo alipokiona kibasi. Kilisimama mbali, milango yote minne wazi kama kuku aliyepanua mabawa. Kwenye barafu kila dereva huendesha milango ikiwa haikufungwa sawasawa, wala hakuna anayevaa mkanda, ili gari likienda chini watu waruke. Kwa hiyo milango wazi ilimwambia Sesegma mambo mawili, na alijaribu kuliamini lile zuri. Kisha akaona watu. Mmoja. Wawili, kofia ile kubwa. Wa tatu alikuwa amekaa chini.

Radna aliguna, akasimama ghafla. Mbele yao palikuwa na ufa.

Ulikuwa mpana kuliko urefu wa mtu, maji meusi yakipumua ndani yake, na ulikwenda kushoto na kulia mpaka macho yachoke. Ubao mmoja ulielea katikati, ukigongagonga ukingo. Sesegma aliutazama ubao ule akaiona mikate.

Ng'ambo, hatua kama sitini, Zorigto alisimama kwa shida. Suruali ya mguu wa kulia ilikuwa imeganda hadi pajani, ngumu kama bomba.

"Mama! Msikaribie ukingo!"

"Umeumia?"

"Nilitumbukia mguu mmoja. Tulivuka saa tano ufa ukiwa hivi tu," akaonyesha kwa mikono, kama upana wa mlango. "Tuliporudi mbao zimekwenda. Nimetafuta pa kupita, lakini nitajuaje? Napiga kwa kisigino!"

Taisia alikuwa amejikunyata kwenye mlango wa gari, akilia bila sauti. Gleb alipaza sauti. "Mama Sesegma, mwambie aruke! Anasema anaweza kuruka na gari!"

Wapo madereva wanaoruka. Hurudi nyuma, hukanyaga mafuta hadi mwisho, na kibasi hupaa juu ya ufa wa upana wa dirisha. Huo wa mbele yao haukuwa wa dirisha.

"Hakuna mtu kuruka!" alijibu. "Kaeni hapo hapo. Zorigto, vua buti hilo, vaa soksi za mgeni. Radna, nipe kamba."

"Ngoja niende mimi," Radna alisema.

"Wewe una kilo mia. Baki na pikipiki."

Akafunga kamba kiunoni, akampa Radna mwisho wake, akashika mtaimbo. Baba yake alimfundisha kuutumia kabla hajajua kusoma. Mapigo matatu mahali pamoja. Barafu ikistahimili matatu, gari lipite. Ikistahimili mawili, mtu apite. Maji yakija kwa pigo la kwanza, rudi kwenye nyayo zako mwenyewe, usitafute nyingine.

Akapiga. Pigo la kwanza, maji. Akarudi nyuma, akasogea kaskazini hatua kumi. Akapiga. Maji. Akasogea. Ulisikika mtaimbo tu, na upepo, na Radna akinung'unika peke yake huku akilegeza kamba. Miaka yote aliogopa akiwa dirishani. Hapa kwenye barafu hofu ilikuwa na kazi ya kufanya.

Hatua karibu hamsini mbele, ufa ulipinda, na hapo mabamba ya barafu yalikuwa yamepandiana na kugandana kama sahani zilizovunjika. Akalala kifudifudi, akajisogeza, akapiga mbele yake. Pigo la kwanza, vipande vikavu. Pigo la pili, vikavu. La tatu, maji yakachuruzika taratibu.

Mtu. Si gari.

"Hapa!" aliita. "Njooni kwenye mstari wangu. Mkifika kwenye mabamba, laleni chini mtambae. Mke kwanza!"

Taisia alikuja, akalala, akatambaa akiwa amefumba macho, na Sesegma akamvuta kwa kola. Gleb akafuata. Katikati kofia yake ilianguka, ikabiringika hadi majini, akataka kuifuata kwa mkono.

"Iache kofia!" Radna alifoka kutoka mbali. "Una kichwa, kitatosha!"

Akafika. Sasa amebaki Zorigto. Naye hakuja. Alikuwa amerudi garini, amekaa kwenye usukani, injini inaunguruma.

"Zorigto!"

"Nyie nendeni, mama. Mimi nitazunguka kaskazini, ufa lazima unapungua mahali. Siachi gari."

"Njoo kwa miguu!"

"Siachi! Misimu mitatu, mama! Nimelala ndani yake, nimelipia kila gurudumu! Nikiliacha hapa upepo utalichukua, nitabaki na nini? Nikunje buuzi jikoni, unitazame mchana kutwa kama mgonjwa?"

Barafu ililipuka mahali fulani nyuma ya kibasi. Mstari mweupe ulikimbia chini ya magurudumu, ukaishia kwenye mche wa msonobari, na mche ukainama.

Sesegma alitaka kumlilia. Alitaka kumkumbusha mjomba Bulad, baba yake, mkwe asiyejulikana bado, wajukuu. Maneno yote hayo alikwisha kuyatumia mezani na yalikuwa yamechakaa. Alibaki na neno moja ambalo hakuwahi kumwambia.

"Mtaimbo niliuficha mimi!"

Injini iliunguruma. Halafu ikapunguzwa.

"Unasemaje?"

"Niliuficha mimi! Jumatatu! Chini ya magunia ya unga! Uliponiuliza asubuhi nilikudanganya machoni. Nilijua ulipo."

Zorigto alitoa kichwa mlangoni. Hata kwa mbali Sesegma aliuona uso wake ukibadilika.

"Nimevuka hapa mikono mitupu," alisema polepole, "na wewe ulikuwa nao nyumbani?"

"Ndiyo."

"Na watu wa watu ndani ya gari!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama, wewe ni mtu wa namna gani?" Alizima injini, akaruka chini, akaanza kuja, akichechemea kwenye mguu wake wa soksi, akitikisa ngumi. "Umenidanganya! Ningekufa! Hawa wangekufa! Halafu ungekaa dirishani ukasema, si nilimwambia?"

"Sema yote," Sesegma alimjibu, akilala tena kwenye mabamba na kunyoosha mtaimbo mbele yake ili aushike. "Lakini njoo unikasirikie upande huu."

Alikuja. Alilala, akatambaa, huku bado anagomba, na aliposhika ncha ya mtaimbo, mama yake alivuta kwa nguvu ambayo Radna alisema baadaye ingeng'oa jino la ng'ombe. Waligongana vichwa. Zorigto akakaa kwenye barafu akalia kwa hasira, na Sesegma hakumgusa, maana hakuwa na haki hiyo bado.

Wageni walirudishwa kwenye kiti cha samaki, mmoja juu ya mwingine. Sesegma na mwanawe walitembea nyuma yao mpaka Radna aliporudi kuwachukua, na kwa njia yote Zorigto aliung'oa kila mche wa msonobari walioupita na kuutupa ubavuni, ili mwingine asiufuate.

Asubuhi ya pili, kutoka kilimani, kibasi kilionekana kikielea juu ya kipande chake cha barafu, milango wazi. Siku ya tatu palikuwa na maji tu. Vidole viwili vya mguu wa Zorigto vilikatwa. Kwa wiki sita hakusema na mama yake ila "nipe chumvi" na "funga mlango". Alikuwa na haki, na Sesegma hakumwomba anyamaze wala aseme. Wageni walipopiga simu, sasa Sesegma aliwaambia barafu ilivyo, na chumba kimoja kilibaki kitupu.

Msimu uliofuata Zorigto aliendesha gari la mtu mwingine. Asubuhi ya kwanza alivaa buti, akasimama kwenye kona ya mlango. Mtaimbo ulikuwapo. Ulikuwa umenolewa, mpini umepakwa mafuta.

"Ni wewe uliyeunoa?"

"Ni mimi."

"Naingia ziwani, mama. Sitaki kukudanganya. Ghuba imekaza, lakini huko mbele sijui."

Ziwa lililia, kabati likaburutwa kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine. Sesegma aliuchukua mtaimbo kwa mikono miwili, akampa mwanawe, kisha akaenda kutafuta bakuli la maziwa.

"Mapigo mangapi?" alimuuliza kutoka nyuma.

"Matatu, mama."

"Na la kwanza likitoa maji?"

"Narudi kwenye nyayo zangu." Zorigto alikuwa amekwisha kufungua mlango, baridi ikaingia. "Sitafuti nyingine."